Mpini wa Upande wa Kulia

9 Februari

Shemeji Koplo,

Dada yako anakusalimu, kwa sharti kwamba salamu zake zisiingie kwenye barua yenye habari za bunduki. Sharti nimelivunja mstari wa kwanza, kwa hiyo tuendelee.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama kwa hasira. Unaniambia mimi, niliyekuwa fundi wa silaha wa kombania nzima, kwamba AK "inamwaga risasi kama mtu anayemwagilia bustani"? Nani alikuwa anazifungua zikirudi na matope? Ulikuwa mlenga shabaha mzuri, silipingi hilo. Lakini G3 yako ilikuwa haikauki mezani kwangu. Chumba chake cha risasi kina mifereji, masizi yanaganda humo kama ukoko wa sufuria, na wewe ulikuwa unaniletea na kusema, "Fundi, hebu iangalie, imenuna." AK nilikuwa naitikisa tu, mchanga unamwagika, naipaka mafuta, narudisha kwa mwenyewe. Nyingine hata mafuta nilizinyima, zikafanya kazi vilevile.

Halafu uzito. G3 inakaribia kilo nne na nusu kabla hujaweka hata risasi moja. Magazini yake inabeba ishirini, ya AK thelathini, na risasi za AK ni nyepesi. Wewe ulikuwa unalala kwenye kilima na kusubiri. Wenzako walikuwa wanatembea. Mtu anayetembea siku nzima na blanketi, maji na sufuria ya wenzake hataki kusikia masafa ya mita mia nne. Anataka kitu chepesi.

Usinijibu kwa simu. Amri ya nyumba hii haijabadilika tangu tulipomaliza salio la dada yako tukibishania kitako cha mbao na cha plastiki. "Simu yangu si kambi," alisema, na kweli si kambi. Simu ni ya kuulizana afya, bunduki ni za barua.

Huku karakana cherehani za kutengenezwa zimejaa mpaka mlangoni. Kila mtu anataka yake kabla ya shule kufunguliwa.

Shemeji yako,
Fundi

27 Februari

Fundi,

Unaandika kama mtu aliyezifahamu bunduki zikiwa zimelala mezani. Mimi nilizifahamu zikiwa begani. Ukimwuliza daktari wa meno habari za chakula atakueleza matundu tu.

Ndiyo, nzito. Lakini uzito huo ndio unaoituliza. Ndiyo, inapiga teke. Bega langu lilikuwa na rangi ya zambarau mwaka mzima, nami sikulalamika. Nilichokitaka nilikipata: nikilenga nguzo, napata nguzo. AK ukilenga nguzo mbali kidogo unapata kijiji. Na ule wenzo wa usalama ubavuni mwake, ukiushusha unalia "kla!" mpaka mtu wa bonde la pili anageuka. Umesahau yule kijana wa kikosi cha tatu aliyekuwa anaufunika kwa kitambaa?

Halafu huo mpini wa kukokia. Nitasema mpaka mniwekee udongo: yule aliyeuweka upande wa kulia hakuwahi kulenga maishani mwake. Mkono wa kulia umeshika kishikio, kidole kiko tayari, halafu unauondoa wote kwenda kukoki! G3 imeuweka kushoto, mbele. Mkono wa kushoto unakoki, wa kulia hautoki mahali pake, jicho halitoki kwenye tundu la kulengea. Huo ndio ustaarabu. Miaka yote hii sijapata jibu lako kwa hoja hiyo ila kelele.

Kazini kwangu ni kawaida. Makumbusho yamepata Meneja mpya, na Meneja mpya hawezi kuona kitu kimetulia bila kukihamisha. Kabati la kofia za chuma amelisogeza mpaka kwenye njia, upande wa kulia ukiingia. Nimejigonga nalo tena leo, mbele ya wageni. Taa nazo amezipunguza, eti mwanga mkali unaharibu vitu. Ukichungulia tundu la G3 humo ndani unaona giza tupu. Na kibao cha kabati letu bado ni kilekile: "Bunduki za kivita, aina mbili." Basi. Hakisemi zilitoka wapi wala nani alizibeba. Nimemwomba Meneja tuandike kingine, amesema atafikiria. Wageni wananiuliza, nawaeleza kwa mdomo, wakitoka wamesahau.

Mwambie dada yangu mimi mzima.

Koplo

15 Machi

Shemeji,

Kelele? Hoja ya mpini nimekujibu mara nyingi mno: unapitisha mkono wa kushoto chini ya bunduki, unakoki, kazi imekwisha. Mtu yeyote anajifunza kwa asubuhi moja. Wewe hukutaka kujifunza, basi.

Na hilo la giza kwenye tundu, asante kwa kunisaidia. Ni mimi niliyekuwa nasema, tangu tukiwa na meno yote, kwamba tundu ni la mchana mweupe. Jua likishuka, tundu linageuka kisima. AK ina mkato wa wazi wa kulengea, unaona pande zote mbili za unachokilenga. Ulikuwa unanicheka. Sasa Meneja amekuzimia taa na umeonja mwenyewe. Mpe salamu zangu, anaonekana mtu wa maana.

Dada yako anauliza umejigonga na kabati mara ngapi, na kwa nini usilizunguke? Nimemwambia wewe huzunguki kitu, hata mazungumzo.

Fundi

20 Aprili

Fundi,

Nimechelewa kujibu, tulikuwa na wageni wengi wa shule.

Nitasema jambo moja, na ukilitangaza nitakana. Jana wakati wa kufuta vumbi nilizitoa zote mbili kabatini, nikaziweka begani moja baada ya nyingine, polepole, kama mtu anayechagua kanzu. Huo mpini wa AK hauko mahali pabaya kama nilivyokuwa nikisema. Mkono wa kulia unaufikia vizuri, na ule mwingine hautoki kwenye kishikio. Wa G3 ndio uliokuwa unanisumbua, inabidi kupitisha mkono juu ya bunduki kama mtu anayejikuna bega la mwenzake.

Ndiyo hivyo. Tuzungumze mengine. Mvua huko imeanza?

Koplo

2 Mei

Shemeji wangu mpendwa sana,

Ngoja nikae. Nimeisoma barua yako nikiwa kazini, nikasimamisha cherehani ya mteja, nikaisoma tena kwa sauti. Mteja akaniuliza kama nimepata urithi. Nikamwambia nimepata zaidi ya urithi.

Umekubali! Koplo, mlenga shabaha, mtu aliyekataa kubadili hata upande wa kulala kambini, amekubali kwa maandishi kwamba mpini wa AK uko mahali pake! Tangu tuvuke mpaka na mizigo kichwani tunabishania kitu hiki. Nyumba zimeachwa, mashamba yamekuwa ya watu wengine, lugha za watu tumejifunza tukiwa wazee, na huu ubishi hatukuuacha hata siku moja. Leo umekwisha na nimeshinda mimi. Barua nimeitundika ukutani karakana, juu ya kalenda.

Dada yako ananiharibia. Nilimsomea wakati wa chai, akaweka kikombe chini. "Kaka yangu amekubali kitu?" akasema. "Amekubali mwenyewe, bila kupigwa? Ana homa huyo. Muulize anakula." Nikamwambia, mke wangu, acha mtu ashinde mara moja katika maisha yake. Akasema, "Shinda, lakini muulize."

Basi nakuuliza: unakula?

Mshindi,
Fundi

25 Mei

Fundi

Nakula.

Lione kama ushindi ukitaka. Sikujua mtu mzima anaweza kutundika barua ya shemeji yake ukutani kama cheti cha ubatizo. Iondoe. Mwambie dada asinipigie tena Jumapili asubuhi, huwa nina kazi, na asiniulizeulize kwa nini sauti yangu iko hivi, sauti yangu iko kama ilivyozaliwa.

Kuhusu bunduki, sina la kuongeza. Tumezeeka, Fundi. Labda tuzungumzie redio.

Koplo

11 Juni

Shemeji,

Barua nimeiondoa ukutani. Nitakueleza kwa nini, na naomba usinikatize, ingawa najua huwezi kunikatiza kwa barua, nakujua, utajaribu.

Juzi alikuja kwangu mshonaji mmoja, mama wa makamo, mdomo mkali kama wembe. Ni mashoto. Cherehani yake haina shida yoyote, ila amechoka. "Fundi," akaniambia, "gurudumu liko kulia, kila kitu kiko kulia, mmeitengeneza dunia nzima kwa ajili yenu. Mimi kulizungusha inabidi nijipindue, napitisha mkono juu kama mtu anayejikuna bega la mwenzake."

Maneno yako yaleyale! Nilikuwa na bisibisi mkononi, nikaiacha ikaanguka.

Nikachukua ufagio. Mama wa watu ananitazama. Nikauweka ufagio bega la kulia kama bunduki: mkono wa kulia kwenye kishikio, kisha nikatafuta mpini wa AK. Haufikiki bila kuachia kishikio, kama ulivyoniambia miaka yote. Nikauhamishia bega la kushoto. Mkono wa kushoto kwenye kishikio, wa kulia uko huru, na mpini uko hapohapo unausubiri. Na wa G3, ndio ule wa kujikuna bega la mwenzako.

Mshonaji akasema, "Fundi, cherehani yangu utaitengeneza, au nikuite daktari?"

Shemeji, wewe si mashoto. Nimekula nawe sahani moja miaka mingapi? Mtu wa mkono wa kulia anaweka bunduki bega la kushoto kwa sababu moja tu. Na kabati ambalo unajigonga nalo kila siku liko upande wa kulia. Na tundu limejaa giza. Na barua yako ya mwisho mistari yake inapanda juu kama inakimbia mafuriko, na mistari ya kwanza imetoka nje ya karatasi upande wa kulia. Vyote hivi vilikuwa mbele yangu, fundi mzima, nami nacheza ngoma ya ushindi!

Nimekasirika. Nimekukasirikia wewe, nimejikasirikia mimi, nimemkasirikia hata Meneja wako, ambaye pengine hana kosa. Jicho la kulia limepatwa na nini? Tangu lini? Na la kushoto je?

Nijibu hayo tu. Usiniandikie habari za redio.

Fundi

11 Juni

Kaka,

Huyu mume wangu amelia karakana mbele ya mteja, akiwa na ufagio begani. Nimeambiwa na mteja mwenyewe.

Mimi sijui mpini ni nini wala sitaki kujua. Ninachojua ni kwamba ninyi watu wawili mna maneno ya kujaza gunia kuhusu vyuma, lakini la muhimu mtu anakwenda kulificha kwenye kukoki. Jumapili nakuuliza "Hujambo kaka?" unasema "Sijambo," nami naridhika kama mjinga. Kumbe ningekuuliza habari za bunduki ningepata ukweli.

Sikuandikii kwa upole. Baba alifariki tukiwa njiani, mama akafuata, na kati ya wote, aliyebaki kuniita kwa jina la nyumbani ni wewe peke yako. Kama unaona huwezi kwenda hospitali kwa ajili yako, basi nenda kwa ajili ya jina hilo.

Simu yako iwe wazi. Nimefuta amri. Zungumzeni bunduki mpaka salio liishe.

Mdogo wako

3 Julai

Kwenu nyote wawili,

Simu naiona ikilia. Kuongea siwezi bado, kwa kuandika ni rahisi zaidi, hata mistari ikipanda.

Ni presha ya macho. Jicho la kulia lilikwenda kimyakimya, bila maumivu, nikadhani ni taa za Meneja. Siku moja nikalifumba la kushoto ili nilenge vizuri, kama kawaida, na chumba kikatoweka. G3, kabati, dirisha, vyote. Nikakaa sakafuni na bunduki mapajani mpaka mfagiaji akaja kuniuliza kama nimeanguka. Nikamwambia naikagua.

Daktari wa hapa alinipima tangu Machi. Amesema la kulia ndiyo basi. La kushoto limeanza, lakini linaweza kuokolewa, kwa upasuaji na matone ya kila siku, maisha yote. Upasuaji huo haufanyiki huku. Unafanyika kwenu, kwenye hospitali ya macho, na alinionya nisichelewe. Nimechelewa.

Mnadhani ni ukaidi. Nisikilizeni basi. Chumba ninachoishi, nyuma ya stoo ya makumbusho, ni cha kazi. Kiongozi wa wageni asiyeona hana kazi, asiye na kazi hana chumba. Kina dirisha moja na rafu niliyoitengeneza mwenyewe, na vitabu vyangu viko humo vimepangwa ninavyotaka mimi. Ni chumba cha kwanza tangu tuondoke kwetu ambacho hakuna mtu aliyeniambia nitoke. Niliwahi kufunga nyumba nikiamini nitarudi baada ya wiki. Ufunguo wake ninao mpaka leo, na mlango, nasikia, haupo. Sasa mnaniambia nifunge tena, nije nikae sebuleni kwenu kama mgeni anayepewa kikombe kizuri kila siku.

Nilifikiri nikijifunza bega la kushoto hakuna atakayejua. Nilikuwa nafanya mazoezi asubuhi kabla hatujafungua, ili nikiwaonyesha wageni jinsi ya kukoki nisionekane ninapapasa. Nikawa hodari. Nikafurahi mno hata nikakuandikia, Fundi. Ndilo kosa langu: nilipata jambo jipya kuhusu bunduki, nikashindwa kukaa nalo peke yangu.

Sijasema nakuja. Sijasema siji.

Koplo

14 Julai

Shemeji,

Dada yako alitaka kuandika, nimemnyang'anya kalamu. Hili ni letu.

Kwanza, narudisha ushindi. Sikuupata kihalali. Ulikubali ukiwa bega la kushoto, na ubishi wetu tangu mwanzo ulikuwa wa bega la kulia. Kwa hiyo naandika hapa kwa mkono wangu, na unaweza kuitundika popote: kwa mtu wa bega la kulia, mpini wa AK uko mahali pabaya. Kuupitishia mkono chini ni usumbufu. Nilijua siku zote. Nilibisha kwa sababu ulikuwa unabisha.

Mengine siyarudishi. G3 ni nzito na ilikuwa inanuna. Njoo uniambie mbele yangu kwamba haikununa.

Pili, sebule sahau. Nyuma ya karakana kuna chumba nilichokuwa nahifadhi vichwa vya cherehani mbovu. Nimevitoa vyote, mgongo wangu una ushahidi. Kuta nimezipaka rangi. Kitanda nilikiweka, kisha nikalala juu yake na kufumba jicho la kulia, nikagundua mlango siuoni. Nimekigeuza. Sasa ukilala, mlango na dirisha vyote viko kushoto kwako, hakuna atakayeingia usimwone. Rafu sijatengeneza, maana ungeivunja na kutengeneza yako. Mbao zipo, zimeegemea ukuta. Kodi utailipa: yule mshonaji mashoto amerudi, na wako wengine kama yeye. Nataka kuwageuzia cherehani zao, na mimi kichwa changu ni cha kulia tupu. Nahitaji mtu anayeujua upande wa pili. Vikombe vya wageni havitatolewa, dada yako ameapa, utapewa kile kilichopasuka sikio.

Hospitali nimekwenda mwenyewe. Wanakusubiri Alhamisi ya tarehe nane Agosti, asubuhi. Muuguzi aliniuliza mgonjwa ni nani wangu. Nikasema shemeji. Akauliza, "Ataweza kufuata masharti?" Nikajifanya natafuta kalamu, sikutaka kusema uongo hospitalini.

Shemeji, nimekwisha kukupa hoja. Sasa nakuomba tu. Njoo jicho lingalipo.

Fundi

29 Julai

Fundi,

Muuguzi ungemwambia ukweli, ajiandae.

Nimemweleza Meneja. Nilitegemea atanitazama kwa huruma, nilikuwa nimejiandaa kumkasirikia. Akasema, "Mzee, nilikuona na kabati. Nililirudisha mahali pake wiki iliyopita, hukugundua?" Kweli sikugundua. Nilikuwa nalizunguka likiwa halipo.

Ufunguo wa chumba nimempa mkononi. Vitabu vimejaa masanduku mawili, la tatu ni la mfagiaji, nimemwachia, anapenda kusoma. Tiketi ya basi ni ya Jumatatu. Usije kituoni na kiti cha magurudumu wala na dada yangu akilia. Njoo na ufagio, nikuone unavyoushika. Nina hakika uliushika vibaya.

Barua yako ya mpini nimeikunja, nimeiweka mfuko wa shati. Sitaitundika, sina tabia hizo.

Kibao kipya amekubali. Akaniambia niseme tu, yeye ataandika, maana mistari yangu inapanda. Nimefikiri siku nzima, kisha nikamtajia hivi, naye hakubadili neno:

"Bunduki mbili. Ya kushoto ni nzito, inapiga mbali. Ya kulia ni nyepesi, haikwami. Waliozibeba walitoka nchi moja, sasa wanakaa nyumba moja, na bado hawajakubaliana."

Nilisimama mbele ya kibao nikayasoma maneno kwa jicho la kushoto. Yote, mpaka nukta ya mwisho. Kisha nikamwambia Meneja herufi ziwe kubwa kidogo.

Koplo